Kapedo Inadai Yatokanayo

Mtu yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya amewahi kuandikishwa kumbukumbu za mkutano. Unaanza na kichwa kwa herufi kubwa: mkutano wa nani, umefanyika wapi, tarehe ngapi, kuanzia saa ngapi. Chini yake unapanga majina kwa mafungu: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa kuhudhuria bila udhuru. Halafu ajenda moja baada ya nyingine, na mwisho nafasi mbili za saini, ya mwenyekiti na ya katibu. Ukisahau fungu moja unakatwa alama. Wengi wetu tuliliona zoezi hilo kavu kuliko yote; afadhali insha ya methali, humo angalau mna hadithi.

Katikati ya zoezi hilo lilikuwamo neno tulilolikariri bila kulipima uzito: yatokanayo. Kabla ya kikao kugusa jambo jipya, sharti kiyarudie ya kikao kilichopita. Tulisema choo cha soko kitachimbwa; kimechimbwa? Katibu alitumwa akaulize bei ya mabati, aliuliza, akajibiwaje? Aliyetumwa yuko pale mezani, na waliomtuma wamekaa mbele yake wakimtazama.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo kila Kapedo inapotajwa katika taarifa ya habari.

Asiyefika Kapedo huijua kwa risasi. Aliyefika hukumbuka maji kwanza. Maji ya moto hububujika kutoka ardhini, hutiririka hadi ukingo wa mwamba, kisha huporomoka huku yakifuka mvuke na kuingia mto Suguta, ambao huelekea kaskazini katika bonde lenye joto la kutisha hadi ziwa Logipi. Mikoma imesimama kandokando. Akina mama huteka maji kwa mitungi ya plastiki na kuyaweka kivulini yapoe kabla ya kuyatumia. Katika nchi kame kama ile, mahali penye maji yasiyokauka hapakosi watu, na penye watu hapakosi duka, shule, kanisa na soko. Ndivyo mji unavyozaliwa. Kwa hesabu ya uchaguzi mji huu umo katika wadi ya Kapedo/Napeitom, Turkana Mashariki. Ng'ambo kidogo tu unaingia Tiaty, kaunti ya Baringo. Kapedo iko mpakani, na mpaka wenyewe unagombaniwa.

Mwishoni mwa Oktoba 2014 askari polisi wapatao 20 waliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na hapo. Januari 2021 kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU akauawa huko huko. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita za Bonde la Ufa, Turkana na Baringo zikiwamo, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari, ikapeleka wanajeshi kuwasaidia polisi. Kila msiba ulifuatwa na mkutano. Magari yanafika kwa msafara, viti vya plastiki vinapangwa, viongozi wanazungumza kwa zamu, wanatoa makataa, na kabla jua halijazama wamekwisha kuondoka.

Mikutano ya namna hiyo ni ya lazima. Watu wakifa na serikali isifike, hiyo ni fedheha nyingine juu ya msiba. Ila ni mikutano ya dharura, na dharura haina yatokanayo. Hakuna anayesimama katika mkutano wa pili kusoma yaliyosemwa katika ule wa kwanza. Hivyo mji umepata kila aina ya kikao isipokuwa kile cha kawaida kabisa: kikao cha wakazi na watumishi wao, kinachokutana kwa tarehe inayojulikana, kikajadili maji, soko, taka, barabara na mshahara wa mlinzi wa zahanati, kikaandika, kikarudi.

Ninaamini Kapedo inanyimwa utawala kwa kunyimwa kikao hicho. Ninaamini pia kwamba hakuna haja ya kungoja mpaka upimwe ndipo kianze.

Tazama Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 80,000 mjini humo, na leo mji una hati ya manispaa na bodi. Kwa sheria ya miji ya 2011, bodi ya manispaa ina wajumbe tisa. Kazi yao ni ile ambayo wenyeji wa vitongoji vya Nairobi huiona ya kuchosha wanapoisikia: mitaro, taka, taa za barabarani, vibanda vya wachuuzi, steji za bodaboda, nani ajenge nini na wapi. Sisemi Lodwar imemaliza shida zake. Mvua ikinyesha milimani, mto Kawalase bado hufurika na kuwatoa watu usingizini. Hata hivyo mkazi wa Lodwar aliyefurikiwa anajua mlango wa kubisha, na mwenye mlango huo hawezi kusema mitaro si kazi yake.

Bodi hizo hazikuja kwa sababu magavana walipenda kugawana mamlaka. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013 na mabaraza ya zamani ya miji kuvunjwa, kaunti nyingi zilikaa bila bodi hata moja. Ukaja mradi wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wenye fedha kwa miji 59, ukaweka sharti: mji usio na hati, bodi na meneja haupati kitu. Ghafla hati zikaandikwa. Bodi zikateuliwa. Sheria iliyokuwa imelala kabatini tangu 2011 ikaamka. Ninaitaja historia hiyo kwa sababu tunaambiwa kila mara kwamba vikao vya wakazi ni vigumu kuviunda, vinahitaji muda, vinahitaji uwezo. Vilipokuwa ufunguo wa fedha, vilipatikana.

Kakuma nako kuna somo. Kambi ya wakimbizi ilianza 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani. Leo wakimbizi wa eneo hilo ni zaidi ya 200,000. Miaka ya karibuni Kakuma nayo imepandishwa hadhi kuwa manispaa. Lakini hata kabla ya manispaa, kambi ilikuwa na utaratibu wake: bloku, zoni, viongozi wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, vikao na mashirika, orodha za malalamiko. Mkimbizi ambaye bomba la bloku yake limekauka ana mtu wa kumwendea, na mtu huyo ana kikao cha kupelekea lalamiko hilo. Simwonei kijicho mkimbizi. Alichonacho ni kidogo na mara nyingi majibu hayaji. Ninachosema ni kwamba raia wa Kenya, mwenye kitambulisho na kadi ya kura, aliyezaliwa kando ya maporomoko ya Kapedo, hastahili kuwa na mlango mmoja pungufu kuliko mgeni aliyepewa hifadhi katika kaunti hiyo hiyo.

Mkazi wa Kapedo ataambiwa aende Lodwar. Kutoka Kapedo hadi Lodwar unapita Lomelo, Lokori na Lokichar, siku nzima ya vumbi, ukiomba Mungu gari lisiharibike na njia isiwe na wavamizi. Kaunti ya Turkana ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Mtu hawezi kwenda kuulizia pampu kwa nauli ya mbuzi mzima.

Sheria zetu zimeliona hilo, na hapa ndipo uchungu unapozidi. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 haikuishia kwenye wadi. Ilishuka hadi kijiji, ikasema kuwe na msimamizi wa kijiji na baraza la wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano. Sheria ya miji ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019 ilipunguza idadi ya watu inayotakiwa ili mahali pawe manispaa, kutoka 250,000 hadi 50,000, na mji mdogo wenye watu 10,000 unaweza kuwa na kamati yake. Kapedo haina haja ya kujifanya Lodwar. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Haikusema wananchi walio karibu na lami.

Mahakama pia ilikwisha kusema. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu, kaunti iliyobeba vitongoji vya Nairobi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la gazetini halikutosha. Jaji alitaka kaunti iwafikie watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza ya hadhara, kwenye redio zinazotangaza kwa lugha za nyumbani. Kama tangazo la gazeti halikumtosha mkazi wa Kiambu, mahali ambapo gazeti hufika kabla ya chai ya asubuhi, litamtosheaje mkazi wa Kapedo?

Nitasimulia baraza moja nililolikalia miaka iliyopita, katika senta ndogo ya kaskazini ambayo sitaitaja, maana yaliyotokea hapo yametokea kwingi. Wazee walikuwa chini ya mgunga, kila mmoja juu ya ekicholong chake, kile kigoda cha mti ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Wageni walikuwa chini ya turubai. Shauri lilikuwa bajeti. Kabrasha lilikuwa la Kiingereza, nakala tatu kwa watu zaidi ya mia. Kilichozunguka upesi ni daftari la mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Asiyejua kuandika alichovya kidole gumba kwenye wino.

Mama mmoja akasimama, mtungi wa lita ishirini miguuni pake. Aliuliza kwa Kiturkana, kijana akatafsiri. Pampu ya kisima chetu iliharibika, alisema. Mlikuja, tukawaeleza, mkaandika. Mliandika nini?

Hakuuliza itatengenezwa lini. Aliuliza mliandika nini.

Afisa akamshukuru, akasema hoja yake imenukuliwa. Akaandika tena, katika daftari jipya. Yule mwenye daftari la kwanza alikuwa amehamishwa, na daftari lake pamoja naye. Mama akabaki amesimama kidogo, kama anayengoja sentensi iishe, kisha akaketi. Mikutano ikaendelea kuhesabiwa, na bila shaka alama ya kidole chake imo katika ripoti fulani kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari lilikuwapo, tena mawili. Kilichokosekana ni daftari kukaa na wenye mali.

Jirani zetu wa Tanzania wana desturi tunayoweza kuiazima bila aibu. Kwa sheria yao ya serikali za mitaa ya 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa ukutane kila baada ya miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Wanaoijua nchi hiyo watakuambia kwamba vijiji vingi huruka miezi, na wenyeviti wapo wanaokwepa. Lakini hata kukwepa kwao kuna jina. Mwanakijiji wa kawaida kabisa anaweza kusema, "Hatujasomewa mapato na matumizi tangu mwaka juzi," na kila anayemsikia anajua kosa ni lipi na la nani. Kapedo haina hata sentensi ya namna hiyo. Huwezi kulalamika kwamba kikao kimechelewa ikiwa hakikuwa na tarehe.

Na lugha! Mkenya amepewa Kiswahili na katiba kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, si hisani ya mtu. Kumbukumbu za kikao cha Kapedo zikiandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa Kiturkana na Kipokot, hazitapungukiwa na heshima yoyote. Kiingereza kimewafaa wahasibu. Mwenye kisima anataka kusikia.

Nimetaja Kipokot kwa makusudi. Wapo watakaosoma mpaka hapa na kuuliza: kikao cha nani? Cha Turkana au cha Baringo? Swali hilo limeua watu, na sitalichezea. Mipaka ya kaunti zetu 47 ilirithiwa kutoka wilaya zilizotambuliwa kwa sheria ya 1992. Kifungu cha 188 cha katiba kimeweka njia ya kuibadilisha: tume huru ipendekeze, kisha Bunge la Taifa na Seneti zote zikubali kwa wingi mkubwa wa kura. Ni njia ndefu. Na tangu mvuke wa ardhini uanze kuchimbwa katika mlima Paka na macho yaelekezwe mlima Silali, kila jiwe la eneo hilo limepanda bei, na wanasiasa wa pande zote mbili wanajua hivyo.

Ila kifungu kinachofuata, cha 189, hakisomwi jukwaani. Kinasema serikali za kaunti mbalimbali zishirikiane katika kazi zao, na kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja. Turkana na Baringo hazihitaji kukubaliana Kapedo ni ya nani ili zikubaliane kwamba soko lake lifunguliwe siku gani, ng'ombe wa upande huu na mbuzi wa upande ule wachanjwe wapi, na barabara ya Loruk ikifungwa unga upitie wapi. Mwenye duka wa Kapedo hununua bidhaa kupitia Marigat, yaani kupitia Baringo. Mfugaji wa Tiaty akipata mgonjwa, zahanati iliyo karibu haimwulizi wadi. Shughuli zao zimekwisha kuwa za pamoja. Kamati yao ndiyo iliyochelewa.

Najua jibu litakalotoka ofisini: usalama kwanza. Nimelisikia miaka yote na silidharau. Mkutano haumzuii mwenye bunduki. Mzee anayekaa kikaoni mchana anaweza kurudi nyumbani akakuta zizi tupu. Lakini tumekuwa tukiutanguliza usalama Kapedo kwa miaka mingapi sasa, na umefika? Kamati za usalama hukutana faraghani na kumbukumbu zake hazisomwi kwa mtu. Mambo yanayowasha moto, kama kisima kilichokauka upande mmoja tu, malisho yaliyofungwa bila taarifa, kazi za kibarua cha barabara kupewa kabila moja, huwa yamezungumzwa kwa minong'ono miezi kadhaa kabla ya risasi ya kwanza. Kikao cha kawaida ndicho mahali pa kuyasema kwa sauti yangali madogo. Wazee wa Kiturkana walilijua hilo kabla ya kuwapo gavana yeyote. Mti wa wazee ulikuwa mahali pa kulirudia neno mpaka liishe, hata kama litachukua siku tatu. Katika mabaraza mengi ya miji ya Marekani mwananchi hupewa kama dakika tatu kwenye kipaza sauti. Kapedo haiombi muda mrefu kuliko huo. Inaomba watakaoisikia leo wawepo pia kesho kutwa.

Basi na kianze hivi. Magavana wa Turkana na Baringo watie saini ya kuunda kamati ya pamoja ya mji wa Kapedo, wajumbe wachaguliwe na wakazi wa pande zote, na kusiwe na kikao bila wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaobeba maji. Kalenda ya bajeti inajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio kufikia 30 Aprili. Vikao viwili kati ya vile vya mwaka vitangulie tarehe hizo, ili kilichosemwa Kapedo kifike kabla karatasi hazijafungwa. Maafisa waende huko. Isiwe watu wa Kapedo ndio wa kusafiri. Daftari likae Kapedo, kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja huku na mwingine kule.

Kikao cha kwanza kitakuwa kigumu. Watu watakuwa na miaka mingi ya kusema, na baadhi watatoka wamekasirika. Cha kungojewa ni kikao cha pili. Siku hiyo, chini ya mikoma, kabla ya hotuba yoyote, katibu atafungua sanduku, asome majina. Waliohudhuria kikao kilichopita. Waliotuma udhuru. Akifika kwenye fungu la tatu asiharakishe: asome kila jina na cheo chake, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiturkana, kisha kwa Kipokot. Halafu agizo la kwanza, pampu, na jina la aliyelichukua.